Kilo 4.35 mara 400 yanipa 1739, nikirudi float kilo 1.05 yanipa 419. Hesabu gani hii?

kijana_wa_kibokoni

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada manake kichwa chataka kupasuka na mjomba ashaanza kunicheka.

Nasoma kompyuta mwaka wa kwanza hapa Mombasa, sai tuko kwa lugha ya C, nikaona badala ya zile programu za darasani za kujumlisha namba mbili heri niandike kitu cha maana. Mjomba wangu ana meza ya samaki karibu na soko la samaki huku Mji wa Kale, nikamwandikia programu ndogo kwa laptopu, waweka kilo, yakwambia mteja alipe ngapi, na jioni yakwambia umeuza ngapi na wastani kwa kila mteja. Samaki aina ya changu sai auza 400 kwa kilo. Kodi yenyewe (ya programu, sio ile ya serikali) ni hii, float ni namba ya desimali, int ni namba kamili, scanf yasoma, printf yachapisha:

```
float kilo;
int bei = 400, alipe;

scanf("%f", &kilo);
alipe = (int)(kilo * bei);
printf("Alipe %d\n", alipe);
```

Siku ya kwanza akaja mama mmoja, mizani ikasoma 1.05. Programu ikasema 419. Mjomba hatumii kikokotoo, hesabu zake zote kichwani, akasema hapo hapo "mia nne na ishirini". Nikarudia, 419 tena. Mwenzangu darasani akanambia float ni kadogo, weka `double`, desimali yenye nafasi zaidi. Nikaweka, kwanza ikatoa vitu vya ajabu hata sielewi, nikagundua kwa scanf yatakiwa `%lf` sio `%f`, nikabadilisha, 1.05 ikaja 420. Nikajinunulia viazi vya karai vya kujipongeza.

Kesho yake akaja mpishi wa hoteli moja, kilo 4.35. Mjomba: 1740. Programu: 1739!! Sasa nikarudi float nione, 4.35 ikawa 1740 sawa kabisa lkn 1.05 ikarudi 419. Yaani shuka fupi, ukifunika kichwa miguu yabaki nje.

Kinachonimaliza zaidi ni hiki, nikiweka double halafu nichapishe `kilo * bei` kwa `%.2f` yaandika 1740.00, msitari wa chini yake `alipe` yaandika 1739. Namba ile ile! Mjomba asema "hio kompyuta yako yala shilingi yangu, sawa na yule kijana niliyemfukuza".

Na la pili, wastani:

```
int jumla = 3350, wateja = 4;
double wastani = jumla / wateja;
```

Yanipa 837.000000 wakati ni 837.5. Hapa nishaweka double tayari, sasa yataka nini tena?

---

mtu_wa_mtwapa

Usijisumbue ndugu yangu, weka hivi kwisha maneno:

```
alipe = (int)(kilo * bei + 0.5);
```

Wastani weka `(double)jumla / wateja`. Kanywe madafu.

---

kijana_wa_kibokoni

Shukran, nimejaribu zote zakubali. Lkn sijaelewa *kwa nini*. 4.35 ni 4.35, mara 400 ni 1740, hakuna hata sehemu ya kubaki. Na kwa nini ndogo yapatia kule kubwa yakosea?

---

fundi_wa_majengo

Kijana umeuliza swali zuri, kaa kitako nikwambie manake mimi hili lilinisumbua mwaka mzima na hakuna aliyenieleza kwa lugha ya binadamu, wote walikuwa waniambia "ndio kompyuta ilivyo".

Sahau kompyuta kidogo. Chukua mizani ya zamani, ile ya sahani mbili, huku samaki huku mawe. Fikiria mjomba wako ana mawe haya tu: kilo 4, kilo 2, kilo 1, nusu, robo, nusu robo (thumni, ile ya moja kwa nane, sio ya senti 50), halafu nusu ya thumni, na nusu yake tena, kila jiwe ni nusu ya lililo kabla yake, na kila jiwe analo moja tu. Ndio mawe ambayo kompyuta inayo, hakuna mengine. Hakuna jiwe la sehemu ya kumi. Hakuna jiwe la sehemu ya mia.

Sasa mpime samaki wa 4.35 kwa mawe hayo. Weka la 4. Weka robo, umefika 4.25. Weka thumni, yazidi, 4.375, liondoe. Weka linalofuata, 0.0625, umefika 4.3125. Linalofuata tena, 0.03125, umefika 4.34375. Yale mawili yanayofuata yote yazidi, ruka. Mawili baada ya hapo yakubali, weka. Mawili yazidi, ruka. Mawili weka, mawili ruka, mawili weka, mawili ruka, na waenda hivyo mpaka kiyama na sahani haitulii sawa sawa hata siku moja. Sio kwamba mawe ni mabaya, ni vile 35 kwa mia haigawiki kwa kukata nusu kwa nusu. Hata sisi na kumi zetu twashindwa hivyo hivyo, gawa shilingi 10 kwa watu watatu uandike kwa desimali uone kama utamaliza karatasi.

Sasa kompyuta haina mawe ya mpaka kiyama. `float` ina biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1): moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, 8 za kusema jiwe kubwa la kuanzia ni lipi, na 23 za mawe, na kuna moja ya bure haiandikwi kwa vile jiwe la kwanza siku zote liko, kwa hivyo mawe 24. `double` ina biti 64: moja, 11, na 52, mawe 53. Kiwango hiki ni IEEE 754, kilitoka 1985, na mzee aliyekisukuma zaidi ni William Kahan, akapewa tuzo ya Turing, ile kubwa ya mambo ya kompyuta, 1989 kwa kazi hio. Laptopu yako na simu yako zote zafuata hicho.

Mawe yakiisha waenda kwa namba iliyo karibu zaidi. *Karibu*, sio sawa. Yaweza kuwa chini kidogo au juu kidogo, na hapo ndipo kizaazaa chako kilipo. Chapisha hivi, tarakimu 17, uone kwa macho yako:

```
double a = 4.35;
printf("%.17g\n", a);         // 4.3499999999999996
printf("%.17g\n", a * 400);   // 1739.9999999999998
```

Waona? 4.35 hujawahi kuwa nayo. Tangu scanf ilipomaliza kazi ulikuwa na 4.3499999999999996. Ukazidisha ukapata 1739.9999999999998. Sasa `%.2f` hukadiria, yaona hio iko karibu na 1740 yakuandikia 1740.00. Lkn `(int)` haikadirii! `(int)` ni kisu cha mkata samaki, chochote baada ya nukta chakatwa chatupwa, hata kama ni 0.9999999999998. Wabaki na 1739. Kwa hivyo haikuwa namba moja iliyosema maneno mawili, ni watu wawili waliisoma, mmoja aikadiria mwengine aikata.

Sasa swali lako la ndogo kushinda kubwa. 1.05 kwa double mawe 53 yaishia *juu* kidogo ya 1.05, ukizidisha yatua 420 barabara. 1.05 kwa float mawe 24 yaishia *chini*, 1.04999995 hivi, mara 400 ni 419.99998, na float huku juu zimeachana kama 0.00003 moja hadi nyengine, kwa hivyo ilibidi ichague baina ya 420 na 419.99997, ikaangukia ya chini. Kisu kikapita, 419.

4.35 yenyewe iko chini kote, kwa float na kwa double. Ila kwa float jibu lilikuwa 1739.99996, na huko kwenye elfu moja na mia saba float zimeachana kwa 0.00012, jirani wa karibu akawa 1740 mwenyewe. Ikapatia kwa kukosea mara mbili pande tofauti. Hio sio usahihi, hio ni bahati ya mpita njia. Mwenzako aliyekwambia double ni bora hakukosea, yabeba tarakimu kama 15 za kuaminika na float 6 tu, lkn tarakimu zikiwa nyingi vipi kisu chako chaangalia upande gani wa 1740 umesimama, hakiangalii umesimama mbali kiasi gani.

Jaribu kilo 4.5, 4.25, 4.125, 4.75. Hizo hutakosea kamwe, float wala double. Zapimika kwa mawe.

---

kijana_wa_kibokoni

Wallahi sijawahi kuelezwa hivi. Nimechapisha kwa `%.17g` nikacheka peke yangu, mamangu akauliza kuna nini.

Nimejaribu na 0.29 (kipande cha paka wa jirani), double yanipa 115 badala ya 116, na 1.15 yanipa 459. Kumbe ziko nyingi ni vile hatujauza.

---

bi_hesabu_likoni

Fundi ameeleza vizuri sana, mimi naongeza upande wa pesa manake niliumia nao.

Kuna ofisi moja ya mambo ya mizigo ya bandarini niliwahi kufanya kazi, sitaitaja. Walikuwa na programu yao ya zamani ya C, bei zote `double`. Ankara ina mistari kumi na kitu, kila msitari wachapishwa `%.2f`, na chini jumla nayo `%.2f`. Sasa kila msitari umekadiriwa peke yake kwenye karatasi lkn jumla imejumlisha zile za ndani ambazo hazijakadiriwa. Mteja akijumlisha mistari kwa kikokotoo chake apata senti moja zaidi au pungufu. Senti moja! Na mteja wa bandarini hakuachii, alikuwa arudisha karatasi, nami nashuka feri asubuhi nakuta bahasha mezani. Nilikaa wiki tatu nikilaumiwa kwamba *mimi* ndio nachapa vibaya.

Kwa hivyo msimamo wangu, na sibadilishi: pesa haipimwi, pesa yahesabiwa. Weka namba kamili. Senti kama una senti, shilingi kama huna. Uzito weka gramu. Ukishaingia kwenye namba kamili huko hakuna mawe wala thumni:

```
long long gramu = 4350;
long long bei = 400;              // kwa kilo
long long alipe = (gramu * bei + 500) / 1000;
```

Hio 500 ni ya kukadiria badala ya kukata. Na `long long` sio mbwembwe, `int` ya biti 32 yafika 2147483647 tu, tani kumi za samaki kwa gramu mara 400 yashapita hapo na ikipita hakuna atakayekupigia kelele, wapata tu upuuzi. Sisemi mjomba ana tani kumi, nasema zoea.

Na usije ukajifanya mjanja kama nilivyojifanya mimi ukasoma kilo kwa `scanf("%d.%d", &k, &g)`. Mtu akiandika 4.5 wapata 4 na 5. Akiandika 4.05 wapata 4 na 5. Kilo nne u nusu na kilo nne na gramu hamsini zimekuwa kitu kimoja, hapo mjomba atakufukuza kweli. Soma kama double, halafu pale mlangoni tu, mara moja, geuza:

```
double kilo;
scanf("%lf", &kilo);
long long gramu = lround(kilo * 1000);
```

`lround` iko ndani ya math.h, ukikompaila (kugeuza kodi iwe programu) kwa Linux malizia amri na `-lm`.

---

mtu_wa_mtwapa

Dada Bi Hesabu yote hayo na `+ 0.5` yangu yafanya kazi ile ile kwa herufi tano.

---

bi_hesabu_likoni

Kaka yangu, mteja akirudisha samaki je? Kijana si ataandika -1.05 ili jumla ya jioni ipungue. Kwa double ni -420, weka 0.5 yawa -419.5, kisu chakata kuelekea sifuri, -419. Umempa mteja 419 kwa samaki aliyemlipia 420, simama wewe mezani umweleze. `lround` yakadiria pande zote mbili sawa, yatoa -420. Na ile 500 yangu nayo, gramu zikiwa hasi itoe badala ya kuiongeza.

---

mtu_wa_mtwapa

Haya nimekubali, nanyamaza 😂

---

fundi_wa_majengo

Nikamilishe lile la wastani manake mlilipita mbio na ndilo linaloua wengi mtihanini.

C haiangalii kule jibu linakoenda. Yaangalia walio pande mbili za alama. `jumla / wateja`, huyu int huyu int, basi mgawanyo ni wa int, yatoka 837, nusu ishatupwa. *Halafu* ndio 837 yabebwa kwenda kuwekwa ndani ya double, yawa 837.0. Kuweka double upande wa kushoto ni kama kununua sufuria kubwa baada ya mchuzi kumwagika. Ndio maana `(double)jumla / wateja` yafanya kazi: umemgeuza mmoja kabla ya kugawa, na C ikiona wa aina mbili tofauti yampandisha mdogo amfikie mkubwa, int yapanda kuwa double, float ikikutana na double yapanda pia. Lkn ukiandika `(double)(jumla / wateja)` umerudi kule kule, mabano yafanya kazi kwanza.

Huko kupanda nako kuna mtego. Int ikipanda kuwa float yaweza kupoteza, float ina mawe 24 tu, kwa hivyo namba kamili zote yazijua hadi 16777216, baada ya hapo yaruka. Weka `float x = 16777216;` halafu `x = x + 1;` uchapishe. Itabaki 16777216. Ongeza moja mara elfu moja, itabaki pale pale. Kwa double namba yoyote ya int ya biti 32 yaingia bila wasiwasi.

Na lile la scanf, umeligundua mwenyewe hongera, lkn ujue sababu manake watu huona printf yatumia `%f` kwa zote mbili wakadhani scanf ni hivyo hivyo. Printf ukiipa float, C yaipandisha kuwa double kabla haijafika, kwa hivyo printf haijawahi kuona float maishani mwake. Scanf waipa anwani, na anwani haipandishwi. Ukisema `%f` yaandika baiti nne (biti 32) pale kwenye nyumba ya baiti nane, nusu ya nyumba yabaki na takataka zilizokuwemo. Ndio vile vitu vya ajabu ulivyoviona.

Kompaili siku zote na `gcc -Wall -Wconversion`. Ya kwanza ingekupigia kelele kuhusu `%f` siku hio hio. Ya pili yakwambia ukigeuza double kuwa int kimya kimya. Ila ukiweka `(int)` mwenyewe kwa mkono yanyamaza, yajua wewe ni mtu mzima wajua ulifanyalo.

---

abiria_wa_kisauni

Mwaiona shilingi moja kuwa kubwa, roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996 kwa kosa la kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, haikutosha, roketi ikapotea njia hata dakika haijaisha tangu iruke. C ni lugha hatari.

---

fundi_wa_majengo

Ile iliandikwa kwa Ada, sheikh wangu, sio C. Na Ada ilijaribu kupiga kelele, hakukuwa na aliyewekwa kuisikiliza kwa ile namba. C hata kelele haipigi. Ukigeuza double isiyotosha ndani ya int, kiwango cha C chasema lolote laweza kutokea, waweza kupata namba ya kutisha au ya kupendeza, na ile ya kupendeza ndio mbaya.

Kwa mawe na thumni mfano wa karibu zaidi ni makombora ya Patriot, yale ya kutungua makombora ya adui, huko Dhahran, Saudia, tarehe 25 Februari 1991. Saa yao ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja kwa kumi ndio ile ile haipimiki kwa kukata nusu kwa nusu. Waliikata ikatosha biti 24. Kosa dogo hata haliandikiki, lkn mtambo uliwashwa saa 100 bila kuzimwa, kosa likajikusanya likafika kama theluthi ya sekunde, kombora la adui likapita, wanajeshi 28 wakafa.

---

abiria_wa_kisauni

Basi narudi kwenye samaki.

---

kijana_wa_kibokoni

Jamani narudi na habari. Jana jioni nimekaa na mjomba nikaandika upya kwa gramu kama Bi Hesabu alivyosema, nikamjaribia 1.05, 4.35, 1.15, 0.29, zote sawa, na ya kurudisha pia. Mjomba akaniangalia tu. Akaniuliza hio 0.29 umeitoa wapi. Nikamwambia ya kujaribia. Akasema mizani yangu haisemi 0.29. Nikamwambia vipi. Akaweka samaki mmoja mdogo, ikaruka 0.15. Akaweka jani la mgomba na kipande, 0.20. Akaongeza utumbo, ikabaki 0.20, akaongeza tena, 0.25.

Mizani yenyewe yaruka gramu 50 kwa 50!!! Haijui kitu kati. Miezi miwili naiangalia sijaona.

Kwa hivyo kila samaki ni vipande vya gramu 50. 4.35 ni vipande 87. Kilo ni vipande 20, 400 gawa kwa 20 ni shilingi 20 kwa kipande. 87 mara 20 ni 1740. 1.05 ni 21 mara 20, 420. Na mjomba asema ndivyo anavyohesabu kichwani miaka yote, "ishirini ishirini", ndio maana alikuwa anishinda kabla sijabonyeza enta. Nimebadilisha kodi nzima ikawa msitari mmoja:

```
alipe = vipande * (bei / 20);
```

Hakuna float, hakuna double, hakuna math.h.

---

bi_hesabu_likoni

Mashallah mjomba! Sasa akipandisha bei ikawa 450?

---

kijana_wa_kibokoni

450 gawa kwa 20 ni 22.5... int kwa int... 22. Mara 87 ni 1914.

Subiri.

---

bi_hesabu_likoni

Ehee. Zidisha kwanza, gawa mwisho. `vipande * bei / 20`, 39150 gawa kwa 20, yatoka 1957. Ulikuwa umempoteza mjomba shilingi 43 kwa samaki mmoja, na safari hii hakuna desimali ya kuisingizia.

---

kijana_wa_kibokoni

Nimerekebisha. Jibu kamili ni 1957 na senti 50, nikamuuliza mjomba nikadirie juu au nikate. Asema hio thumni apewe paka.